Kioo cha Mlima Ndani ya Chungu

Mimina maji kwenye kikombe cha udongo kilichochomwa kwa kuni hapa kwetu Mbale, mashariki mwa Uganda, kiweke juu ya kitambaa cha meza, kiache hapo hadi asubuhi. Mara nyingi ukikiinua utakuta duara la unyevu chini yake, hata kama ndani kimepakwa glezi, yaani ule utando wa kioo unaong'aa juu ya chombo. Mnunuzi aliyelipa fedha nzuri kwa kikombe hicho atarudi kuuliza kwa nini meza yake imeharibika, na ana haki ya kuuliza. Kwa mtungi wa maji, unyevu ule ni neema. Kwa kikombe, bakuli la mchuzi au chombo cha maua, ni kasoro inayowafanya watu wa mjini wageukie vyombo vya kiwandani vinavyoingia kwa makontena kupitia Mombasa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nataka mfinyanzi wa Uganda anywe chai kwenye kikombe alichokifinyanga mwenyewe, na kikombe hicho kisivuje.

Tatizo lenyewe ni moto. Udongo wetu mwingi ukichomwa hadi nyuzi 900 au 1000 unakuwa mgumu, unalia vizuri ukiugonga kwa ukucha, lakini ndani umejaa vijitundu visivyoonekana ambamo maji hupita. Ili vijitundu hivyo vizibe, sehemu ya udongo lazima iyeyuke, ijaze nafasi zilizobaki, kisha igande kama kioo. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa vyombo vigumu hilo hutokea karibu na nyuzi 1200 na zaidi. Tanuri dogo la kuni lililojengwa kwa matofali ya kawaida hukaba kabla ya hapo. Unaongeza kuni, moshi unaongezeka, joto halipandi. Ukifanikiwa kulisukuma, matofali yenyewe huanza kulegea. Mtu anaweza kununua matofali ya kuhimili moto na kujenga upya, akiwa na mtaji. La sivyo, atafute njia ya kuufanya udongo uhitaji moto mdogo zaidi. Njia hiyo ndiyo iliyonileta kwenye kioo cha volkano, na nadhani wafinyanzi wa upande wetu hawajaipa nafasi inayostahili.

Nianze na kile wanachofundishwa wanafunzi wa ufinyanzi. Mchanganyiko wa kaure kwa kawaida huwa na sehemu tatu: nusu yake udongo, na robo moja moja ya madini mawili ya mawe, feldispa na kwatsi. Udongo hukupa umbo, kwatsi hushikilia umbo hilo motoni kama mifupa, na feldispa ndiyo inayoyeyuka na kuunganisha vyote. Kiyeyushi ndiyo kazi ya feldispa. Uganda ina vitu vyote hivyo: kaolini, ule udongo mweupe, ya Mutaka kule magharibi, udongo laini wa Ntawo karibu na Mukono, feldispa ya Lunya, mchanga mweupe wa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Watafiti wamekwisha kuvipima na kuonyesha kwamba vinafaa hata kutengeneza vikombe vya kaure vya kushikilia nyaya za umeme. Kwa hiyo sisemi kwamba tumepungukiwa. Ninachosema ni kwamba feldispa, popote itokapo, ni fuwele. Chembe zake zimepangika na kufungamana sawasawa, na kuuvunja mpangilio ule kunadai joto jingi. Feldispa ya potasiamu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1150, na hata hapo huyeyuka shingo upande, kwa kuchelewa.

Kioo cha volkano hakina mpangilio wa kuvunja. Ni lava iliyopoa haraka mno, fuwele zisipate muda wa kujipanga. Kwa sababu hiyo hakina kiwango kimoja cha joto ambapo kinayeyuka. Hulegea polepole, kuanzia mamia ya juu ya nyuzi, na kila unavyoongeza moto kinazidi kuwa laini. Kazi kubwa ya kuyeyusha ilikwisha kufanywa na mlima, na kuni za kazi hiyo hulipi wewe.

Jiwe lenyewe lina sura nyingi. Obsidiani ni nyeusi, inang'aa, ikivunjika inaacha makali kama ya wembe. Pamisi ndilo lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, ambalo ni kioo kilichojaa mapovu ya gesi. Perlaiti ni kioo kilichofyonza maji, kati ya asilimia 2 na 5 ya uzito wake, na ukikipasha moto ghafla hadi nyuzi 850 au 900 maji yale huwa mvuke na jiwe hutuna mara 4 hadi 20. Majivu ya volkano nayo, yakiwa mabichi, mara nyingi ni vumbi la kioo kilichopasuka hewani. Aina iliyo bora kwa mfinyanzi ni ile yenye silika nyingi (kitu kile kile kinachounda kwatsi), kati ya asilimia 70 na 77, alumina kama 12 hadi 14, na sodiamu pamoja na potasiamu zinazokaribia 8 hadi 10. Ukiangalia tarakimu hizo utaona kwamba ni karibu sawa na feldispa na kwatsi zilizosagwa pamoja. Mlima umekuchanganyia viungo viwili kwa wakati mmoja.

Kuna watu huuliza kwa nini tusisage tu chupa za soda na bia, ambazo zimejaa kila jaa la Mbale na Kampala. Swali ni zuri, na chupa zina nafasi yake. Lakini kioo cha chupa kina alumina kidogo sana, asilimia 1 au 2 hivi, halafu sodiamu 12 hadi 15 na chokaa karibu 10. Kikianza kuyeyuka kinakimbia. Leo tanuri likipita kiwango kwa nyuzi 30 tu, vyombo vimelala. Alumina ndiyo inayokifanya kioo kilichoyeyuka kiwe kizito kama asali, na kioo cha volkano kinayo ya kutosha. Kwa mtu anayepima moto kwa macho, akichungulia rangi ya tanuri kupitia tundu, uvumilivu huo ni jambo kubwa kuliko bei. Tena kioo cha chupa kikikaa siku nyingi ndani ya udongo mbichi huachia sodiamu kwenye maji. Udongo hubadilika tabia, leo umekaza, kesho umelegea kwenye gurudumu, na vyombo vikikauka hutoa ukungu mweupe juu. Kioo cha mlima kimetulia zaidi.

Faida nyingine inahusu kwatsi. Kwenye nyuzi 573 kwatsi hubadilika umbo lake la ndani na kutanuka ghafla, na wakati wa kupoa hujikunja tena ghafla kwenye nyuzi zile zile. Nyufa nyingi nyembamba zinazogunduliwa asubuhi ya kufungua tanuri zimezaliwa hapo, hasa pale mtu alipofungua mapema kwa hamu ya kuona kazi yake. Silika iliyomo ndani ya kioo haina mruko huo. Ukipunguza kwatsi na kuweka kioo, chombo hupita nyuzi 573 kwa amani zaidi. Lakini uwe mwangalifu na glezi yako. Chombo kilichopungukiwa kwatsi hujikunja kidogo kuliko awali kinapopoa, na glezi iliyokuwa ikikaa vizuri inaweza kuanza kuchanika mistari midogo kama utando wa buibui. Ushauri wangu ni kuondoa feldispa kwanza na kukiweka kioo mahali pake, kisha uiguse kwatsi kidogo kidogo huku ukiitazama glezi.

Sasa swali linaloudhi kidogo. Sisi Waganda tumezungukwa na volkano: Elgon mashariki, Muhabura na wenzake kule Kisoro, mashimo ya Fort Portal na Bunyaruguru huko magharibi. Mtu husikia kioo cha volkano na kudhani kwamba atachukua jembe na kwenda kuchimba. Na hapo ndipo naona watu wakipotea, kwa sababu jina moja hubandikwa kwenye vitu ambavyo tanurini havina undugu.

Elgon ni mlima mzee. Ulizimika mamilioni ya miaka iliyopita, na kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321 tu leo baada ya mvua kuula kwa muda wote huo. Kioo hakidumu chini ya mvua kiasi hicho. Hunywa maji, hulainika, na hatimaye hugeuka kuwa udongo. Udongo ule mzito wa miteremko ya Bugisu na Bududa, unaolea kahawa yetu na ambao mwaka 2010 uliporomoka kijijini Nametsi na kuwafukia watu wengi, kwa sehemu kubwa umetokana na majivu na miamba ya volkano iliyooza. Kwa hiyo Elgon tunafinyanga mtoto wa majivu, na majivu yenyewe yamekwisha. Isitoshe, lava za Elgon tangu mwanzo zilipungukiwa silika, kwa hiyo hata zingekuwa mbichi zisingekupa kioo cha aina ninayoisifu.

Fort Portal ni hadithi nyingine kabisa. Volkano zake ni changa, za miaka elfu chache tu, lakini zilitapika vitu ambavyo wanajiolojia huvifuata kutoka pembe zote za dunia kuja kuviona: lava na majivu yaliyojaa kaboneti, yaani chokaa. Ukiyatia majivu hayo kwenye udongo kama chenga, yakifika kati ya nyuzi 800 na 900 hupoteza gesi na kubaki chokaa kali. Chombo kinatoka tanurini kizuri. Wiki moja baadaye, chokaa imevuta unyevu wa hewani, imevimba, na vipande vidogo vinaruka kwenye ukuta wa chombo, kila kimoja kikiacha kishimo chenye kitone cheupe katikati. Majivu hayo yanathaminiwa na watu wa saruji, na yabaki huko. Mfinyanzi anayeyataka ayasage yawe laini kama unga wa ngano, na ayatumie kwa glezi.

Kisoro nitarudi huko mwishoni, kwa sababu kuna kitu pale.

Kioo chenyewe hasa, kile chenye silika nyingi, kiko ng'ambo ya mpaka, kwenye Bonde la Ufa la Kenya. Eneo la Naivasha, Olkaria na mlima Eburru lina obsidiani ambayo watu wameichimba tangu enzi za kale. Wafugaji wa zaidi ya miaka 2000 iliyopita waliipenda ile ya Eburru hasa, na vipande vyake vimefukuliwa hadi kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo njia ya jiwe hili kuja kwetu ina umri mkubwa kuliko barabara ya mpakani Malaba. Siku hizi kilicho rahisi kupata si obsidiani, ambayo mahali pengine imo ndani ya hifadhi na haiguswi, bali pamisi. Inachimbwa kwa ajili ya ujenzi, na mashamba ya maua ya Naivasha yameitumia kupandia badala ya udongo. Ni nyepesi, inapondeka, na gunia lake unalibeba kwa mkono mmoja. Vioo vya upande ule vina sodiamu nyingi, na hiyo huvifanya vilegee mapema zaidi. Vya Eburru vina chuma kingi kuliko vya Olkaria, kwa hiyo vitakupa chombo cha kahawia badala ya cheupe. Mimi kahawia hainisumbui. Udongo wetu ni mwekundu hata hivyo.

Kulisaga jiwe ndiko kazi iliko, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi huishia hapa.

Obsidiani usiipige nyundo ikiwa mbichi. Vipande vinaruka kama sindano, na jicho halina akiba. Ichome kwanza. Weka mabonge ndani ya chungu kizee chenye kifuniko, maana hurusha vipande yanapopata joto, na uyapitishe kwenye mchomo wa kawaida unaokaribia nyuzi 1000. Obsidiani nyingi hutoka humo zimeumuka, zimekuwa povu la kijivu lililoganda, na povu hilo unalitwanga kwenye kinu bila shida. Umepata faida mbili: limekuwa jepesi kuvunja, na maji yaliyofungiwa ndani yake yamekwisha kutoka. Hilo la pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kioo kibichi kilichosagwa vibaya, chembe kubwa zikabaki ndani ya udongo, huumuka vile vile ndani ya ukuta wa kikombe chako, na kikombe kinaota majipu.

Usipeleke jiwe hili kwenye mashine ya posho. Nasema wazi kwa sababu nimesikia wazo hilo likitolewa kwa nia njema kabisa. Mashine hiyo kesho itasaga mahindi ya watoto wa watu. Tumia kinu chako, au pipa la kuzungusha lenye mawe magumu ndani kwa yule aliye na injini. Twanga kukiwa na maji, ili vumbi lisipande, na vaa barakoa hata hivyo. Kioo peke yake hakina hatari ya silika ya fuwele inayokausha mapafu, lakini majivu na pamisi mara nyingi huwa na chembe za kwatsi ndani, na mapafu hayawezi kuzichagua. Halafu chekecha kwa chekeche laini, matundu yake yasizidi mikroni 75. Asiye na chekeche kama hilo atumie maji: koroga unga kwenye ndoo, subiri kidogo chembe nzito zitue, kisha mimina maji yenye ukungu kwenye ndoo ya pili. Kitakacholala chini ya ndoo ya pili ndicho unachokitaka.

Tukija kwenye kuchanganya, udongo tunaotumia wengi wetu unatoka kwenye vinamasi. Chini ya mafunjo kuna udongo laini ajabu, unaonyooka mkononi bila kukatika, mweusi au wa kijivu. Weusi ule ni mizizi na majani yaliyooza kwa karne nyingi. Yakichomwa huwa gesi, na gesi lazima ipate pa kutokea. Kwenye udongo mtupu wa kinamasi hilo si tatizo kubwa, kwani vijitundu hubaki wazi muda wote. Ukitia kioo, umeleta mlinzi anayefunga milango mapema. Kioo kikianza kulegea huku kaboni ya mizizi ile ingali katikati ya ukuta wa chombo, gesi inanaswa, chombo kinavimba, na ukikivunja unakuta moyo mweusi katikati, umezungukwa na ganda jekundu. Watu huona hivyo na kukilaumu kioo.

Dawa yake ni subira kati ya nyuzi 700 na 900. Hapo tanuri lina rangi nyekundu iliyokoza ikielekea wekundu wa wazi. Usisukume kuni. Acha hewa iingie, acha moshi wa bomba uwe mweupe kisha upotee kabisa, na ukae katika hali hiyo saa mbili, tatu, kwa vyombo vinene hata zaidi. Ndipo uendelee. Kuni unazotumia kukaa hapo unazirudisha mwishoni kwa kutolazimika kufika 1200. Nimeona mchanganyiko wenye pamisi nzuri ukifunga karibu na 1100, na tofauti hiyo ya nyuzi 100 za mwisho ndiyo ghali kuliko zote, kwani huko juu kila hatua ndogo ya joto inadai mzigo mkubwa wa kuni. Katika nchi ambayo mikaratusi imekuwa ikikatwa kuchomea matofali kila wilaya, sioni kama hilo ni jambo dogo.

Wengine hunitajia majivu ya pumba za mpunga, maana Butaleja na Kibimba haziko mbali nasi na pumba ziko milima kwa milima. Ni kweli majivu hayo ni silika karibu tupu, na yakichomwa kwa moto wa chini silika yake haina fuwele, sawa na kioo. Lakini sodiamu na potasiamu zake ni chache mno kuweza kuyeyusha udongo. Yatakupa mifupa, hayatakupa gundi. Yanafaa kuwa mwenza wa kioo, hayafai kuwa mbadala wake.

Na kuna vyombo ambavyo sitaki kuona kioo ndani yake kwa kiwango cha kuvifunga. Wa kwanza ni mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya ukutani na kukauka nje, na kukauka huko ndiko kunakobeba joto. Mtungi usiovuja ni ndoo nzito. Wa pili ni chungu cha kupikia juu ya moto wa kuni. Akina mama walionifundisha kufinyanga walisisitiza chungu kiwe na pumzi, na fizikia inakubaliana nao: ufa unaoanza kwenye ukuta wenye vijitundu hufika kwenye kitundu na kukwama hapo, lakini kwenye ukuta uliofungwa kama kioo hukimbia hadi mwisho. Wa tatu ni kikombe cha ndani cha sigiri, kile kinachobeba makaa. Makaa yenyewe yanaweza kukirudisha kioo katika hali ya kulegea, na majivu ya mkaa, yenye potasiamu yake, yanaongezea. Huko weka vigae vilivyosagwa, au madini ya vemikulaiti ya Namekara tuliyo nayo hapa hapa mashariki, ambayo huzuia joto lisipotee.

Ila kuna tofauti kati ya kuyeyusha kioo na kukitumia kama changarawe. Chungu kinachochomwa kwa moto wa wazi, majani na kuni juu yake, hufika nyuzi 600, 700, mara nyingine 900 kwa muda mfupi. Kwa moto huo kioo chenye silika nyingi hakiyeyuki. Kinabaki chembe yenye kona kali inayoushika udongo vizuri, unaokauka bila kupasuka na kupanuka motoni bila ugomvi. Wafinyanzi wa Wamaya huko Amerika ya Kati walitumia majivu ya volkano hivyo hivyo, hasa kati ya karne ya 7 na ya 9, wakikaa kwenye nchi ya mawe ya chokaa isiyo na volkano, na wanaakiolojia wamebishana kwa miaka mingi majivu yale yalitoka wapi. Watu hawahangaiki kiasi hicho kwa kitu kisicho na manufaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uweke kioo kiasi gani, taja moto wako. Moto wa wazi unaifanya pamisi kuwa mchanga bora. Tanuri la nyuzi 1100 linaifanya kuwa gundi. Anayechukua maelekezo ya mmoja na kuyapeleka kwa mwingine atapoteza udongo na siku zake.

Nasi tulikuwa na jibu letu kwa tatizo la kuvuja, jibu la juu ya ngozi. Wafinyanzi wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walioitwa bajona, walivisugua vyombo kwa grafaiti, madini meusi kama ya penseli, hadi viking'aa kama fedha nyeusi, na kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Sioni kioo kama kitu cha kuiondoa. Ni njia ya kuziba kutoka ndani pale ambapo mtu anataka kikombe cha kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji moto.

Kwa anayetaka kujaribu, fanya vipande vya majaribio virefu vyenye unene wa kidole. Acha kimoja bila kioo, kisha ongeza kwa asilimia 5, 10, 15, 20, 25 ya uzito mkavu. Chora juu ya kila kimoja alama mbili zilizoachana sentimita 10 kingali kibichi, ili baada ya moto upime kimesinyaa kiasi gani. Kingine kilaze juu ya vigae viwili, katikati pakiwa wazi, uone kama kitapinda. Ukishavichoma, vipime uzito vikiwa vikavu, vichemshe majini saa 5, viache humo hadi kesho, vifute, vipime tena. Tofauti ya uzito igawe kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Ikiwa chini ya 3 unaweza kuweka kikombe mezani bila wasiwasi. Kipande kilichofika hapo bila kupinda ndicho mchanganyiko wako, na ukiona kingine kimeanza kung'aa na kulala, umepita.

Kisoro, basi. Kule chini ya Muhabura, mlima wa mita 4,127, mashamba yamezungushiwa kuta za mawe meusi ya volkano, na changarawe yake nyeusi yenye mapovu inazolewa kando ya njia. Hiyo nayo ina kioo ndani, lakini ni kioo cha ukoo mwingine: silika chache, chuma na chokaa na magnesiamu nyingi, potasiamu ya kutosha. Katika moto wenye hewa hubaki kahawia tulivu. Katika tanuri la kuni lenye moshi chuma kile hubadilika na kuwa kiyeyushi chenye nguvu, na mchanganyiko hulegea ghafla, kwa hiyo mtu asithubutu kuingiza robo nzima kama angefanya na pamisi ya Naivasha. Asilimia 5 hadi 10, iliyosagwa laini, ndani ya udongo mwekundu, na hewa ya kutosha hadi nyuzi 900 zipite. Utapata chombo cha kahawia iliyokoza inayoelekea weusi, bila kununua rangi yoyote dukani. Ukiisaga laini zaidi na kuikoroga na udongo kidogo, inapakwa juu ya chombo na kuyeyuka kuwa glezi nyeusi.

Kisoro ndiko pia waliko Batwa, wenyeji wa asili wa misitu ya huko, ambao ufinyanzi umekuwa riziki yao kwa vizazi vingi, na ambao mwaka 1991 waliondolewa msituni Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa. Vyungu vyao vimeshindana na plastiki bila msaada wowote. Jiwe liko mlangoni mwao, wala halihitaji kuvuka mpaka. Kinachokosekana ni tanuri dogo lenye bomba zuri, chekeche, na mizani ya kupimia vipande vya majaribio, vitu ambavyo mradi mmoja wa wilaya unaweza kuvinunua bila kutikisa bajeti. Anayefanya kazi upande huo na ana nafasi ya kulisemea hili kwenye kikao, naomba alisemee.